Siku yako ya kwanza uwanjani na pikipiki: uchague ipi?

Ukishaanza kuendesha pikipiki kubwa hapa Uingereza, haupiti muda wenzako watakuuliza kama umeshaenda uwanjani. Wanamaanisha uwanja wa mbio. Unalipa ada, unaingia na pikipiki yako, na kutwa nzima unazunguka kwenye lami safi isiyo na magari yanayokuja mbele, mashimo, kamera za mwendo wala mtu anayevuka na simu sikioni. Hakuna mshindi, hakuna kombe, na waandaaji wengi hawataki hata kuona saa ya kupimia mzunguko kwenye kundi la wanaoanza. Msimu ukifika siku hizi zimejaa tele, na hapo ndipo mgeni hukwama: kalenda ni ndefu, bei zinapishana, na kila muuzaji anasema yake ndiyo rafiki kwa anayeanza.

Swali ninalolisikia zaidi ni la uwanja: Brands Hatch au Donington? Mimi naona limeruka hatua. Uwanja mmoja unaweza Jumamosi ukawa na siku ya wazi yenye watu zaidi ya mia, na Jumanne ukawa na shule ambapo mwalimu anakufuata kona kwa kona. Lami ni ileile, lakini utatoka na vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo nitaanza na aina nne za siku: siku ya wazi ukiwa kundi la wanaoanza, shule ya uwanjani, pikipiki ndogo kwenye uwanja wa karti (vigari vidogo vya mbio), na safari ya siku kadhaa Hispania au Ureno. Viwanja vyenyewe vitafuata.

Tunapima kwa nini

Kipimo cha kwanza: ukianguka, nani analipa? Nakiweka juu kwa makusudi. Bima ya kawaida ya pikipiki kwa kawaida haikufuati uwanjani, na mkataba wenyewe huwa umeandika hivyo kwa herufi ndogo. Asubuhi mapokezini unatia sahihi kwamba umeelewa hatari, na hata mwenzako akikugonga, kila mmoja hubeba hasara yake. Pikipiki unayoiingiza uwanjani iwe ile ambayo ikilala kwenye changarawe Jumapili, Jumatatu bado utafika kazini. Bima ya siku moja ya uwanjani ipo, ila soma ni kiasi gani cha mwanzo utajilipia mwenyewe.

Cha pili ni mafunzo: yupo anayekutazama na kukuambia kitu, au unaachwa ujionee? Cha tatu ni wenzako mle ndani: wana kasi gani, na sheria ya kupitana ikoje? Cha nne ni gharama yote kwa jumla, maana ada ya siku ni sehemu tu. Kuna suti ya ngozi, usafiri, mafuta, tairi na mahali pa kulala. Cha tano ni masharti ya kuingia. Waandaaji wengi hudai leseni kamili ya pikipiki, na cheti cha CBT, yaani cha mafunzo ya awali ya pikipiki, peke yake hakitoshi. Kama bado unatumia leseni ya nyumbani, soma masharti yao kabla hujalipa, kwa sababu kurudishiwa hela baadaye ni kazi.

Siku ya wazi, kundi la wanaoanza

Wengi huanzia hapa. Washiriki hugawanywa makundi matatu: wanaoanza, wa kati na wenye kasi. Kila saa hukatwa vipande vitatu vya dakika 20, kila kundi na chake, kuanzia saa tatu asubuhi hadi kwenye saa kumi na moja jioni, katikati mna saa ya chakula. Mvua na bendera nyekundu zikikuhurumia, utapata zamu sita au saba. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo, hadi uzifanye. Zamu ya pili tu mapaja yanawaka, viganja vimekakamaa, na chupa ya maji uliyoiacha kwenye gari imegeuka lulu.

Ufike mapema. Saa moja asubuhi padoki, yaani eneo la maegesho na maandalizi, imeshajaa vani, watu wanashusha pikipiki, wengine wanakunja vioo vya pembeni na kubandika taa kwa utepe wa gundi. Unapanga foleni na leseni mkononi, unatia sahihi, unavishwa utepe wa rangi ya kundi lako. Halafu kelele. Mpimaji anakuagiza ushikilie mafuta injini ikae kwenye mizunguko aliyoitaja, yeye kachuchumaa nusu mita kutoka kwenye ekzosi, kipimo kimeelekezwa kwa pembe ya nyuzi 45. Anasoma namba, anatikisa kichwa juu-chini au kushoto-kulia. Kikomo kilichozoeleka ni desibeli 105, lakini zipo siku zenye kikomo cha chini, 98 kwa mfano. Ekzosi ile ya kutikisa madirisha ya jirani ndiyo inayorudisha watu nyumbani kabla ya saa tatu, na ada imekwenda.

Kikao cha maelekezo ni lazima, ukikikosa huingii. Humo utaelezwa bendera, na hizi zijue kabla hujafika. Njano: kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Nyekundu: zamu imesimamishwa, punguza taratibu bila kukamata breki ghafla, rudi piti, ile njia ya pembeni ya kuingilia na kutokea uwanjani. Nyeusi ukielekezewa wewe: ingia piti, kuna jambo, huenda injini inavuja. Ya mistari ya njano na nyekundu: lami inateleza. Ya miraba myeusi na myeupe: zamu imekwisha, maliza mzunguko polepole.

Mizunguko ya kwanza mnatoka kwa msururu nyuma ya mwalimu, hakuna kupitana, mnaonyeshwa njia. Usiidharau. Hapo ndipo unaona pa kuingilia kona, kilele chake, na pa kutokea, ukiwa na akili bado imetulia. Baada ya hapo mnaachiliwa.

*Mafunzo.* Walimu wapo, huvaa vizibao vya rangi, na kwa wanaoanza msaada wao mara nyingi ni wa bure au wa ada ndogo. Lakini lazima umwendee. Ukikaa kwenye kiti chako cha kukunja na kahawa mkononi, siku itapita hujasahihishwa lolote. Mwendee baada ya zamu ya kwanza, mwambie hujawahi, muombe akufuate mizunguko miwili kisha wewe umfuate miwili. Katika siku nzima, hizo dakika chache ndizo zenye thamani kuliko zote.

*Wenzako.* Hapa pana utata. Kundi unajichagulia mwenyewe kwenye fomu. Kwa hiyo humo utamkuta dada aliyepata leseni mwaka jana, mzee mwenye pikipiki ya safari na masanduku yake kayaacha padoki, na jamaa anayekuja kila msimu ila hataki kupanda kundi la kati kwa kuwa huku anajiona mfalme. Wa kuchosha zaidi ni mwenye pikipiki ya nguvu za farasi 200 anayetambaa kwenye kona, kisha kwenye mnyooko anafungua mafuta na kutoweka. Mzunguko mzima uko nyuma yake na huwezi kumpita. Dawa ni kupitia piti, kusubiri sekunde kadhaa, na kutoka tena pakiwa peupe. Sheria za kupitana kwa kundi hili ni kali: acha nafasi kubwa, na wengi hukataza kumpita mtu kwa ndani ya kona. Kazi ya kupita salama ni ya anayepita. Wewe uliye mbele usigeuke nyuma, shika njia yako.

*Gharama.* Kwa viwanja vingi vya Uingereza ada ni kama pauni 120 hadi 220, katikati ya wiki ikiwa nafuu kuliko wikiendi. Suti ya ngozi iwe ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyofungwa kwa zipu kiunoni. Waandaaji wengi huzikodisha, jambo jema kwa anayejaribu, kwa sababu suti nzuri mpya inazidi ada ya siku mara kadhaa. Tairi zako za barabarani zinatosha. Mablanketi ya kupasha tairi moto waachie kundi la kasi. Upepo hupunguzwa kutoka psi 36 na 42 za barabarani, maana tairi ikipata joto upepo hupanda, lakini kiasi gani hasa kinategemea tairi uliyofunga, kwa hiyo muulize fundi wa tairi aliyepo padoki.

*Ukianguka.* Ni wewe na mfuko wako. Ukikodi pikipiki ya mwandaaji, soma dhamana: inaweza kuwa kubwa kuliko ada ya siku nzima.

Inamfaa mwenye pikipiki yake, anayeweza kuvumilia mikwaruzo, na asiyeona haya kuuliza. Asiyependa kuuliza atafurahi sana na atarudi nyumbani na makosa yake yaleyale, ila sasa kwa kasi zaidi.

Shule ya uwanjani

Kuna shule kadhaa. Inayojulikana zaidi duniani ni California Superbike School, iliyoanzishwa na Keith Code mwaka 1980, na ina tawi Uingereza. Masomo yake yamepangwa kwa ngazi, na hurukishwi: hata uwe umeendesha miaka ishirini, unaanza ngazi ya kwanza.

*Mafunzo.* Hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Unaingia darasani, unafundishwa jambo moja tu, unatoka kulifanya uwanjani, mwalimu anakufuata na kukuonyesha ishara kwa mkono, unarudi, mnazungumza uso kwa uso, kisha jambo linalofuata. Ngazi ya kwanza huanza na mafuta: jinsi ya kuyafungua taratibu, bila kusita, tangu pikipiki imeshalala hadi inaponyooka. Zamu hiyo unaweza kuambiwa utumie gia moja na usiguse breki kabisa. Wengi hununa. Wamelipa hela nyingi, halafu wanaambiwa waende kama wanapeleka mayai sokoni. Baada ya mizunguko mitatu wanaelewa: bila breki ya kukuokoa, unalazimika kuikadiria kona kabla hujaifikia, macho yanaanza kwenda mbele yenyewe, na pikipiki inaacha kuyumba katikati ya kona kwa sababu mkono wa kulia umeacha kufunga na kufungua ovyo. Zamu zinazofuata huhusu mahali pa kukatia kona, namna ya kuisukuma mikono ya pikipiki, na jinsi ya kukaa bila kuing'ang'ania kama mkongojo.

*Wenzako.* Wachache zaidi uwanjani kwa wakati mmoja, na kila mtu ana zoezi la kufanya, kwa hiyo ubishi wa nani ana kasi hupungua sana. Mtu akikupita, anakupita kwa adabu.

*Gharama.* Tegemea mara mbili au tatu ya siku ya wazi, na zaidi kama unakodi pikipiki yao. Nafasi hujaa miezi kabla.

*Ukianguka.* Hasara bado ni yako, au dhamana ya pikipiki ya kukodi. Tofauti ni kwamba kasi inapandishwa hatua kwa hatua na kuna mtu anayekuzuia usijipandishe mwenyewe.

Lawama moja ya haki: siku ya shule inachosha kichwa. Asubuhi unakuwa mbovu kuliko ulivyokuja, kwa sababu unawaza jambo moja na kusahau mengine manne. Aliyekuja kupunga upepo na marafiki atajuta. Inamfaa aliyeshaona barabarani kwamba kona zinamtisha na hajui kwa nini, au mwenye siku moja tu kwa mwaka na anataka itoe matunda.

Pikipiki ndogo kwenye uwanja wa karti

Hii huwa haitajwi kabisa mtu anapouliza aanzie wapi, na naona ni dhuluma. Ni pikipiki za cc 125 hadi 160 hivi, magurudumu madogo, au Honda MSX125, zinazoendeshwa kwenye viwanja vya karti. Wanaoshindana MotoGP, mbio kubwa kuliko zote za pikipiki duniani, nao hufanyia mazoezi kwenye pikipiki ndogo za namna hii, kwa hiyo usione ni mchezo wa watoto.

*Mafunzo.* Inategemea mahali. Baadhi wana mwalimu, wengine wanakupa pikipiki na helmeti, basi. Hata hivyo uwanja wenyewe unafundisha. Kona zinakuja mfululizo, kwa dakika kumi unapiga kona nyingi kuliko zamu nzima ya uwanja mkubwa, na kwa kuwa kasi ni ndogo unapata nafasi ya kujaribu: kuning'iniza mwili, kugusisha goti, kukata breki ukiwa umeshaanza kulala. Aliyekulia juu ya Boxer au TVS nyumbani atajisikia yuko kwake, na atagundua kwamba ujanja wa kupenya foleni ya Ubungo au Gikomba haumsaidii chochote hapa.

*Wenzako.* Wachache, mara nyingi familia na vijana wanaoshindana ligi ndogondogo. Vijana hao watakupita kushoto na kulia. Kubali tu.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote, hasa ukikodi, na huhitaji vani. *Ukianguka*, na utaanguka, kinachopinda ni kishikio cha breki au kikanyagio, si fremu ya pikipiki unayoilipia kila mwezi. Mifupa haijui kwamba pikipiki ni ndogo, kwa hiyo vaa vizuri vilevile. Sehemu nyingi hazidai leseni.

Upungufu wake: hutaonja kasi, wala hutajifunza kukata breki kutoka kilomita 200 kwa saa, wala kuisoma kona usiyoiona mwisho wake. Inamfaa asiye na pikipiki, asiye na leseni kamili, mwenye watoto wanaotamani, na yule ambaye hofu yake kubwa ni kulaza pikipiki.

Safari ya Hispania au Ureno

Kati ya Novemba na Machi, Uingereza ikiwa baridi na maji, waandaaji wengi huhamia kusini: Almería, Cartagena, Jerez, na Portimão nchini Ureno. Unaipeleka pikipiki kwenye bohari lao, lori linaibeba, wewe unapanda ndege na begi la suti yako. Kwa kawaida ni siku mbili au tatu mfululizo.

*Mafunzo* ni kama ya siku ya wazi, lakini siku tatu kwenye uwanja mmoja zinafanya kazi ambayo siku tatu zilizotawanyika mwaka mzima haziwezi. Siku ya kwanza unajifunza njia, ya pili unaacha kuifikiria, ya tatu unaanza kuendesha. Lami ina joto, tairi zinashika, hakuna mvua ya saa nane mchana. Portimão ni kupanda na kushuka bila kuona mbele. Ningemshauri anayeanza achague Almería au Cartagena, fupi zaidi na tulivu.

*Wenzako* ndio tatizo. Anayegharimia safari hii mara nyingi si mgeni, na kundi la polepole kule linaweza kuwa na kasi ya kundi la kati hapa. *Gharama* ni ada, usafiri wa pikipiki, ndege, hoteli, chakula, na seti ya tairi inayokwisha kabla safari haijaisha. *Ukianguka* siku ya kwanza, siku mbili zilizobaki unazitazama ukiwa ukutani mwa piti, na kama umeumia, uko nchi ya watu. Bima ya safari iwe imetaja wazi shughuli za uwanja wa mbio, la sivyo ni karatasi tu.

Na kuna jambo wenzetu wazungu hawatakuambia kwa sababu haliwahusu: ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuingizi Hispania. Unahitaji viza ya Schengen. Omba kabla pikipiki haijapakiwa kwenye lori, maana lori halisubiri ubalozi.

Inamfaa aliyekwisha kufanya siku kadhaa nyumbani na anataka kuruka hatua. Kama siku ya kwanza kabisa, ni mzigo mzito, ingawa wapo waliofanya hivyo na wakafurahi, hasa waliokwenda na rafiki mzoefu.

Sasa uwanja

Kwa anayeanza, sifa tatu ndizo ninazozitazama: uwanja uwe mpana, uwe na nafasi ya kukimbilia ukipitiliza kona, na usiwe na kona nyingi zilizofichwa.

Snetterton, Norfolk, una sifa hizo. Umejengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani wa kijeshi, ni bapa, na njia ya 300 ina karibu kilomita 4.8. Kasoro ni urefu wenyewe: asubuhi nzima inaisha unakariri kona. Ukizikosea, kwa kawaida unaishia kwenye majani.

Brands Hatch, Kent, ndio ulio karibu na watu wetu wa London. Njia yake fupi, iitwayo Indy, haifiki kilomita 2, unaikariri kwa zamu moja. Lakini kona ya kwanza, Paddock Hill, ina tabia yake. Unakuja kwa kasi, lami inapanda kidogo, kisha inakukimbia chini ya gurudumu la mbele wakati tayari umeshalaza pikipiki. Mara ya kwanza tumbo linabaki juu. Chini kabisa pikipiki inabanwa kama imeshikwa na mkono, halafu unapanda hadi kona ya Druids iliyojikunja kabisa. Si kona ya hatari ukiiheshimu. Ila usiifanye kwa kumfuata aliye mbele, tafuta alama yako mwenyewe ya kukatia.

Donington Park, Leicestershire, uliokuwa mwenyeji wa Grand Prix ya pikipiki ya Uingereza kuanzia 1987 hadi 2009, una lami nzuri na mteremko wa Craner ambao watu husafiri mbali kwa ajili yake. Angalia kikomo cha kelele cha siku hiyo, kwa sababu pale kwa kawaida ni cha chini. Cadwell Park, Lincolnshire, ndio mzuri kuliko yote machoni, mwembamba, unapita kati ya miti, na kwenye kilima chao kiitwacho Mountain pikipiki huinuka kutoka ardhini. Uache kwa sasa. Utakuwepo mwakani. Uliyeko Scotland, Knockhill huko Fife ni mfupi na watu wake wachangamfu.

Ukiwa nje ya Uingereza

Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, mambo ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani. Dubai Autodrome upo tangu 2004, una zaidi ya kilomita 5. Bahrain na Losail ya Qatar nao ni wa 2004, na Yas Marina wa Abu Dhabi wa 2009. Msimu wa kule ni kinyume na wa Ulaya, takriban Oktoba hadi Aprili, na baadhi ya siku hufanyika usiku chini ya taa. Viwanja ni vipana na nafasi ya kukimbilia ni kubwa, jambo linalomfaa anayeanza. Lakini minyooko ni mirefu na pikipiki za wenzako ni za nguvu nyingi. Kutoka Muscat unaweza kufika Dubai kwa gari na trela asubuhi.

Aliyeko Nairobi, Arusha au Dar hana uwanja mkubwa wa lami wa kudumu wa pikipiki za namna hii nyumbani. Wanaotaka kweli huenda Afrika Kusini: Zwartkops karibu na Pretoria, Red Star Raceway karibu na Delmas, Kyalami, au Killarney mjini Cape Town. Kukodi pikipiki huko huko kuna akili kuliko kuisafirisha yako.

Kwa hali yako

Pikipiki unayoimiliki ndiyo inayokupeleka kazini na bado unailipia? Usiianzie yenyewe. Nenda kwenye pikipiki ndogo, au lipia shule pamoja na pikipiki yao, ukiwa umeisoma dhamana.

Una pikipiki ya zamani iliyokwisha kulipwa, na hela haziruhusu zaidi ya siku moja? Siku ya wazi katikati ya wiki, Snetterton au Brands Hatch Indy, mwezi wa Mei au Juni lami ikiwa na joto, na mwalimu umemkamata kabla ya zamu ya pili. Nenda kwa vani ya kuazima kuliko kuiendesha. Ikivunjika kishikio, utarudije?

Kona zinakutisha, au umeshaanguka barabarani na mwili unakumbuka? Shule, bila kusita, hata kama itakubidi usubiri msimu mzima ujikusanye. Siku ya wazi inaweza kuongeza hofu kwa sababu ya wanaokupita.

Mko kundi la marafiki wa rika moja la uzoefu? Siku ya wazi ina raha yake mkiwa wengi, lakini kubalianeni mapema kwamba hakuna kushindana. Ajali nyingi za marafiki huanza kwa mmoja kutaka kumwonyesha mwenzake. Kama mmoja wenu ni mzoefu, aingie kundi lake mwenyewe badala ya kujiandikisha na nyinyi.

Umri umekwenda au mgongo una kesi? Chukua siku ya wazi na panga tangu mwanzo kufanya zamu nne, uache mbili za mwisho. Kwa kweli hili namwambia kila mtu: alasiri, mikono ikichoka na kujiamini kukipanda, ndipo pikipiki nyingi hupakiwa kwenye gari la kuvuta. Ukijikuta unakosa alama yako ya kukatia mara mbili mfululizo, inua mkono, ingia piti, vua suti.

Na kama umeshafanya siku tatu nne nyumbani, viza iko mkononi na Januari inakukera, basi Almería.